Jinsi ya kutengeneza fangasi rafiki wa mizizi nyumbani, na kwanini mbolea ya DAP nyingi inaziba mdomo wa mzizi

Kabla hujashika koleo elewa hili kwanza, maana ukilikosa utamwagilia ndoo miezi minne bure. Mzizi wenye njaa ya fosforasi huwa unaita. Unatoa kwenye udongo kemikali inaitwa strigolaktoni, kiasi kidogo mno, na fangasi aliye karibu akiipata anachangamka, nyuzi zake zinatoa matawi mengi kuutafuta huo mzizi, watafiti wa Japani walilionyesha hili mwaka 2005. Naye fangasi anajibu, anatuma molekuli zake za kitini (ile inayojenga ukuta wa seli zake), zingine zimefungwa na mafuta, na mzizi ukizipokea kalsiamu kwenye viini vya seli zake inaanza kupanda na kushuka kama mapigo ya moyo, hapo ndo mlango unafunguliwa. Akishaingia anajenga kitu kama kimti kidogo ndani ya seli, anashusha fosforasi aliyoitoa kule mzizi usikofika, mmea nao unamlipa sukari na mafuta. Mi kila nikilifikiria hili nasimama kidogo.

Kwahiyo ukimwaga DAP nyingi, ambayo ni mbolea ya fosforasi, mzizi unashiba, ukishiba hauiti mtu.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta mchanga wa mto, uoshe mpaka maji yatoke masafi, afu upike kwenye pipa kama saa nzima ili wadudu na magonjwa vife, uache upoe kabisa. Halafu nenda chini ya nyasi au kichaka ambacho hakijalimwa miaka mingi, chimba zile sentimita 20 za juu, chukua udongo pamoja na vijizizi vyake, hapo ndo fangasi walipo, huo usiupike. Changanya mchanga debe tatu kwa udongo debe moja, jaza ndoo zilizotobolewa chini, panda mtama au mahindi, na kunde au vitunguu pembeni. Usiweke samadi wala DAP. Majani yakiwa njano sana mpe urea kidogo iliyoyeyushwa kwenye maji mengi, basi.

Angalizo kubwa: udongo usiutoe kwenye shamba lenye kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama, nakuomba sana. Strigolaktoni yenyewe ilianza kujulikana mwaka 1966 kwasababu ya kiduha, kitu kilichotoka kwenye mizizi ya pamba kikaonekana kinaamsha mbegu zake, na kwa miaka karibu 40 watu hawakuelewa mmea unapata faida gani kumwita adui wake. Kumbe ulikuwa unamwita rafiki, mwizi akasikia. Mbegu za kiduha ni kama vumbi, hutaziona, na zinakaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri mwito huohuo.

Mwagilia miezi mitatu hadi minne, afu acha maji kabisa wiki mbili, mimea ikauke palepale, hapo fangasi wanakuwa wameshaacha mbegu zao nyingi. Kata majani tupa, toa mizizi uikatekate vipande vidogo, changanya tena na mchanga wake. Hiyo ndo dawa yako, ihifadhi pakavu penye kivuli.

Wakati wa kupanda weka kijiko kikubwa kimoja au viwili kwenye shimo, chini kabisa ya mbegu au mche, iguse mizizi. Wengi wanakosea hapa wanamwaga juujuu. Strigolaktoni inavunjika haraka kwenye udongo wenye maji, haiendi mbali, yaani fangasi akiwa mbali sauti haimfikii.

Kabichi, sukuma na mchicha usihangaike nazo, hizo hazishirikiani na fangasi hawa. Weka kwenye mahindi, maharage, vitunguu, nyanya, migomba, kahawa, na uache mstari mmoja bila dawa ili ulinganishe mwenyewe.