Mshororo mmoja kwa siku

Ukitaka kuandika kila siku kwa mwaka mzima na kazi yako inakubana asubuhi hadi jioni, usijiahidi shairi zima. Jiahidi mshororo mmoja, yaani mstari mmoja wa shairi. Mizani 16, yaani silabi 16, nane kabla ya pumziko la katikati na nane baada yake, unazihesabu kwa vidole ukiwa umesimama ndani ya daladala. Hakuna haja ya meza wala ukimya.

Mfano huu niliutunga njiani: "Jua limezama mbali, nami sijafika kwangu." Vina, yaani silabi za kufungia kila nusu ya mshororo, vimeshapatikana: "li" na "ngu". Kesho sianzi na ukurasa mtupu, natafuta tu maneno yanayoishia hivyo, na hapo ndipo utamu ulipo: neno moja linakuzunguka kichwani mchana kutwa, hata kwenye kikao. Kila siku ya nne ubeti wa tarbia, wenye mishororo minne, umekamilika. Siku 365 zinakupa beti 91, na mshororo mmoja wa ziada wa kufungulia mwaka unaofuata.

Andika kwenye kidaftari cha mfukoni, au jitumie ujumbe kwenye simu kabla hujashuka kituoni. Usingoje usiku, usiku umechoka na watoto wanakuhitaji.

Ukikosa siku, usijilipishe mishororo miwili kesho yake. Deni hilo likifika siku tano utaukimbia mradi wote. Ruka, endelea na kina kilekile.

Na usisubiri Januari. Leo au kesho inatosha.