Somo: yai moja, siku 21, kifaranga kinajitengeneza vipi

Bandugu, salama? Tangu nianze kuangaza mayai na tochi ya simu hapa Kadutu watu wananiuliza ile kitu nyekundu inayopigapiga ndani ni nini. Nafuata yai la kuku ju ndilo tunaweza kuliona, lakini mbuzi na hata mtoto wa mtu mwanzo wao unafanana sana na huu.

Hatua 1. Ndani ya kuku. Mbegu ya jogoo inakutana na kiini huko juu kabisa, kabla ute na ganda havijawekwa. Yai linashuka karibu siku nzima na njiani ile seli moja inagawanyika, mbili, nne, nane, mpaka likitagwa lina seli makumi ya maelfu. Vunja yai la kuku mwenye jogoo, uangalie juu ya kiini: kuna kadoa keupe ka milimita chache, ka mviringo. Njo kifaranga hako.

Hatua 2. Kungoja. Likipoa chini ya nyuzi 20 hivi linasimama tu, halikui na halifi haraka. Ndiyo maana kuku anataga siku kadhaa halafu vifaranga vinatoka pamoja. Baridi ya Bukavu inatusaidia hapo, ila usipitishe wiki.

Hatua 3. Siku ya kwanza ya joto (nyuzi 37.5). Watu wanakimbilia moyo, mimi naona ajabu yenyewe iko hapa. Katikati ya kale kadoa unatokea mstari, seli zinazama kupitia huo mstari na zinajipanga tabaka tatu. La juu litatoa ngozi, manyoya, ubongo na neva. La katikati: moyo, damu, mifupa, misuli, figo. La chini: utumbo, ini, mapafu. Halafu tabaka la juu linaanza kujikunja, kingo mbili zinainuka na zinakutana kama jani la ndizi ukifunga nalo chakula, zinashikana, inakuwa bomba, na hilo bomba ndilo ubongo na uti wa mgongo. Hakuna fundi anayekata wala kushona, seli zenyewe zinapeana habari kwa kemikali, kila moja inajua iko wapi.

Hatua 4. Siku 2 hadi 5. Kabla siku ya pili haijaisha moyo unapiga, na bado ni bomba tu lililopinda. Mishipa inatambaa juu ya kiini kuleta chakula. Siku ya 3 vijipu vya mabawa na miguu vinatokea. Aristotle, msomi wa zamani sana kule Ugiriki, alivunja mayai siku baada ya siku, bila darubini, akaandika kwamba siku ya tatu moyo unaonekana kama tone la damu. Siku ya 5 zima taa, weka tochi upande mpana: utaona buibui mwekundu, na doa jeusi katikati. Hilo doa ni jicho.

Hatua 5. Siku ya 8 manyoya yanaanza kuchomoza, ya 10 kucha, ya 14 anageuza kichwa upande mpana. Ya 18 acha kugeuza mayai. Ya 19 anavuta kiini kilichobaki tumboni, ya 20 anatoboa chumba cha hewa (ile nafasi tupu upande mpana) anapumua, ya 21 anatoka.

MASWALI

*Yaya, mie niliona duara jekundu tu bila buibui, ni nini? (Bagira)*
Pole ndugu yangu, huyo amekufa mapema, mishipa imeachia na damu imekusanyika pembeni. Mimi mwaka jana umeme ulikatika usiku mzima siku ya 3, nikapata maduara kama hayo 17 kwa mayai 30, niliumia sana. Sasa naweka chupa za maji ya moto karibu.

*Kumbe ule unjano siyo kifaranga?*
Hapana mama, ule ni chakula chake. Hata siku mbili za kwanza nje bado anaishi nao, usiogope asipokula.

*Mayai ya dukani naweza kuyaatamisha?*
Mengi kuku wake hawakuona jogoo, hayana kitu. Tafuta ya kienyeji.

*Na mtoto wa mtu, moyo wake lini?*
Karibu siku ya 22 tangu mimba itungwe, na wenyewe unaanza ni bomba.

*Naweza kuangaza kila siku?*
Siku ya 5 na ya 10 zinatosha papa, na usishike yai zaidi ya dakika moja, linapoa.