Somo: Kuchagua na Kufufua Jiko la Pampu la Zamani kwa Matumizi ya Kambini

Somo hili ni kwa wanachama wetu wa Mtwara na Lindi ambao hupiga kambi Msimbati, Rondo au kandokando ya Mto Ruvuma, na ambao wameanza kununua majiko ya zamani ya mafuta ya taa yanayotumia pampu. Majiko haya yalitokana na lile lililobuniwa na Frans Wilhelm Lindqvist mjini Stockholm mwaka 1892, lililoenea duniani kwa jina la Primus. Hayana utambi. Hewa inayosukumwa na pampu huyapandisha mafuta kutoka kwenye tangi hadi kwenye mirija ya kichwa, yaani sehemu ya juu inayotoa moto, mirija hiyo ikiwa ya moto mafuta hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaotoka kwenye tundu dogo la nozeli na kuwaka kwa moto wa buluu usiotia sufuria masizi.

Jambo ninalotaka mlizingatie kuliko yote ni kwamba anayenunua jiko la zamani hununua tangi na thredi zake, yaani mikato ya kufungia vifuniko na kichwa. Vingine vyote hubadilishwa.

Hatua ya kwanza: kuchagua

Muuzaji wa vyuma chakavu atakuonyesha jiko lililosuguliwa likang'aa, na huenda pembeni yake likawapo jingine jeusi lenye kutu ya kijani. Usivutwe na mng'ao. Geuza tangi, lipapase kwa kidole chini na pembeni, utafute mibonyeo mikali, nyufa nyembamba kama unywele, na hasa alama za lehemu ya mtu aliyewahi kuziba tundu. Tangi lililobonyea kidogo linaweza kutumika, lakini lililopasuka au lililowahi kuzibwa liache hapo hapo, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu litabeba mafuta yenye shinikizo karibu kabisa na moto. Tazama pia kama shaba ya tangi (ni shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba na zinki) imebadilika ikawa na mabaka ya rangi ya waridi: hiyo ni dalili kwamba zinki imetoka ndani ya madini na sehemu hiyo imebaki dhaifu.

Kisha fungua kifuniko cha kujazia mafuta, kifuniko cha pampu na kichwa. Thredi zikiwa kali na zikikamata vizuri, jiko lina matumaini. Kichwa kisipofunguka kwa mkono wa kawaida, usikilazimishe sokoni. Mafuta ya kulainisha na subira ya siku chache hufanya kazi kuliko spana ndefu. Wenye majiko ya Primus wanaweza kuangalia herufi iliyopigwa kwenye tangi, kwani kampuni hiyo ilianza kuweka herufi za mwaka wa utengenezaji mwaka 1911.

Kuhusu majiko ya petroli, kwa mfano Svea 123 iliyotoka mwaka 1955, ushauri wangu kwa anayeanza ni kuyaacha kwanza. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata penye baridi kali, ilhali mafuta ya taa huhitaji joto la takriban nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi. Na msijaribu kamwe kutia petroli kwenye jiko lililotengenezwa kwa mafuta ya taa.

Hatua ya pili: pampu

Mimina mabaki ya mafuta, suuza tangi kwa mafuta ya taa safi, kisha kwa maji ya moto yenye sabuni, na ulianike juani hadi likauke ndani kabisa. Chomoa mti wa pampu. Mwishoni mwake mna kikombe kidogo cha ngozi, ambacho kwa kawaida huwa kimekauka na kusinyaa. Kiloweke usiku kucha kwenye mafuta mapya ya injini, kisha ukitanue taratibu kwa vidole. Kikiwa kimechanika, fundi viatu anaweza kukukatia ngozi ya unene wa milimita 2 hivi. Iloweshe kwa maji ya uvuguvugu, ifinyange juu ya kitu cha mviringo chenye kipimo kinachofaa, iache ikauke, ndipo uitie mafuta. Mafuta ya nazi hayafai, maana baada ya muda huganda na kunata.

Chini kabisa ya mrija wa pampu mna valvu inayoruhusu hewa kuingia na kuyazuia mafuta yasirudi. Ukiona mti wa pampu unapanda wenyewe baada ya kusukumwa, au mafuta yanajaa kwenye mrija, valvu hiyo imechoka. Itoe kwa spana yake maalumu, safisha springi ndogo, na ubadilishe kipande cha mpira. Mpira wa tyubu ya baiskeli huvimba ukilowa mafuta ya taa, kwa hiyo tumieni mpira wa ringi za mfumo wa mafuta wa magari. Mpira huo huo unafaa kwa kifuniko cha tangi. Chini ya kichwa huwekwa washa (pete ya kuzuia kuvuja) ya madini ya risasi, ambayo ni vyema iwe mpya kila kichwa kinapofunguliwa.

Hatua ya tatu: nozeli na kusafisha

Nozeli ya jiko kubwa huwa na tundu la milimita 0.32, na ya majiko madogo 0.28. Kwa hiyo pini ya nguo haifai. Tumieni sindano yake maalumu, la sivyo tundu litapanuka na moto hautakuwa wa buluu tena.

Shaba husafishwa kwa ukwaju au limau lenye chumvi, kisha husuuzwa na kukaushwa papo hapo. Msitumie kamwe dawa yenye amonia. Wanajeshi wa Uingereza nchini India waliwahi kuona maganda ya risasi yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, na chanzo kilikuwa amonia ya mkojo wa farasi pamoja na unyevu. Pwani yetu ina unyevu wa kutosha, na kinyesi cha kuku nacho hutoa amonia, kwa hiyo jiko lisiwekwe karibu na banda la kuku.

Hatua ya nne: kupima na kuwasha

Kabla ya kutia mafuta, funga kila kitu, piga pampu mara kumi hivi, kisha zamisha tangi kwenye ndoo ya maji. Mapovu yatakuonyesha mahali panapovuja. Fanya kazi hii mbali na moto, na usimpelekee fundi pancha akujazie upepo kwa kompresa, kwa sababu tangi hili halikutengenezwa kwa shinikizo la kiasi hicho.

Jiko likipita mtihani huo, litie mafuta hadi robo tatu, si zaidi, na uliweke nje penye mchanga. Legeza skrubu ya hewa iliyo kwenye kifuniko cha kujazia mafuta, jaza spiriti kwenye kisahani kilicho chini ya kichwa, uiwashe ili ikipashe kichwa moto. Spiriti inapokaribia kwisha, kaza skrubu na upige pampu mara chache. Moto wa manjano ukiruka juu, legeza skrubu mara moja ili hewa itoke, jiko lizimike, kisha rudia kupasha.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Newala: Shikamoo mwalimu. Jiko langu linawaka manjano hata baada ya kupashwa mara mbili. Tatizo ni nini?

Marahaba. Baridi na upepo wa Makonde huondoa joto la kichwa haraka, hivyo weka kizuizi cha upepo kwanza. Hali isipobadilika, kagua nozeli: huenda imepanuka, au imelegea na mvuke unapenya pembeni.

Mwanachama wa Lindi: Kaka, mafuta ya taa yamekuwa adimu. Je, dizeli inafaa?

Haifai, ndugu yangu. Ni nzito, huacha kaboni kwenye mirija na kuiziba. Ni kweli kwamba tangu kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji, bei yake imekuwa mzigo; hata hivyo, kambini jiko hili linatumia mafuta kidogo.

Mwanachama wa Masasi: Nimeshanunua tangi lenye ufa mdogo. Fundi anasema ataliziba kwa lehemu. Nikubali?

Usikubali. Lehemu ya bati hulainika kwa joto, na ufa utafunguka jiko likiwa linawaka. Toa kichwa, pampu na miguu uviweke kama vipuri, tangi libaki pambo.

Mwanachama wa Mikindani: Dada zangu wanataka tupikie ndani ya hema mvua ikinyesha. Mwalimu unasemaje?

Waambie hapana. Hata moto wa buluu hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua, na kitambaa cha hema huungua haraka. Fungeni turubai juu, pande zote ziwe wazi, na jiko likae juu ya ubao ili lisizame kwenye mchanga uliolowa.