Jinsi ya Kuikagua Mizani ya Kidijitali Ghalani Kabla ya Msimu wa Korosho

Kila mwaka, kabla minada ya korosho haijaanza, maghala ya vyama vya msingi kuanzia Newala na Tandahimba hadi Masasi na Nachingwea hufagiliwa, chaga hupangwa, na mizani iliyolala tangu msimu uliopita hutolewa kona na kuwashwa. Karani huona sifuri kwenye kioo, akaridhika. Mimi ni fundi wa mizani katika mikoa hii ya Mtwara na Lindi, na kwa miaka niliyoifanya kazi hii nimejifunza kwamba sifuri hiyo haithibitishi chochote kuhusu gunia la kilo 80. Kioo kinaonyesha tu. Kinachopima ni kipande cha metali kilichofichwa chini ya bamba, nacho ndicho kinachohitaji kukaguliwa.

Kipande hicho huitwa lodiseli. Ni kihisi cha aluminiamu au chuma, kilichotobolewa katikati ili mzigo ukikaa juu kipinde kidogo sana, mpindo usioonekana kwa macho. Juu yake zimegandishwa nyuzi nne nyembamba za metali. Uzi ukivutwa hurefuka na kuwa mwembamba, na ukinzani wake wa umeme huongezeka. Ukibanwa, ukinzani hupungua. Badiliko hili lilielezwa na mwanafizikia Lord Kelvin mwaka 1856, na mwaka 1938 wahandisi wa Marekani Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kwa njia yake, wakatengeneza nyuzi za kugandisha kama tunazozitumia leo. Nyuzi nne huunganishwa kwa umbo la daraja la Wheatstone, yaani mzunguko wa umeme unaolinganisha ukinzani wa nyuzi hizo, ili uzito ugeuzwe kuwa volteji ndogo ambayo kioo huikuza na kuisoma kama kilo.

Volteji hiyo ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Chukua mizani ya kilo 300 yenye lodiseli ya milivolti 2 kwa kila volti inayolishwa. Ikilishwa volti 5, mzigo kamili hutoa milivolti 10 tu, na gramu 100 hutoa mikrovolti 3 na ushei. Kwa hiyo unyevu kidogo kwenye plagi, au kutu ya kijani ambayo hewa ya chumvi ya pwani ya Mtwara na Lindi huileta kwenye shaba, hutosha kabisa kuyumbisha hesabu ya mkulima.

Anza kwa kuangalia stika na lakiri ya Wakala wa Vipimo. Ikiwa stika imepitwa na wakati au lakiri imekatika, usipimie mtu. Toa taarifa ili mizani ihakikiwe upya. Lakiri nzima nayo usiifungue kwa sababu yoyote, kwa kuwa kurekebisha mizani ni kazi ya fundi mwenye leseni. Yote nitakayoeleza hapa, isipokuwa nitakapotaja mita ya umeme, karani anaweza kuyafanya bila kuigusa lakiri.

Weka mizani juu ya sakafu ngumu, mbali na mlango unaopitisha upepo na mbali na mahali ambapo jua la mchana huangukia nusu ya bamba. Rekebisha miguu hadi kiputo cha pimamaji kikae katikati. Hili si pambo: mizani iliyoinama digrii 3 hupunguza gunia la kilo 80 kwa gramu zipatazo 110. Iwashe, kisha iache nusu saa ipate joto lake kabla ya kupima chochote.

Sasa inua bamba, uchunguze kwa tochi pengo lililopo kati ya bamba na fremu. Hapa nisimame kidogo. Katika ghala moja wilayani Tandahimba niliitwa kwa sababu wakulima walilalamika, na karani aliapa kwamba mizani ilikuwa sawa, maana aliweka jiwe la mizani la kilo 20 ikasoma 20. Tuliongeza mawe: 40 ikasoma 40, lakini 80 ikasoma 78 na nusu. Chini ya kona moja, kando ya boliti inayozuia lodiseli isizidiwe, ilikuwa imenasa korosho moja ghafi. Mzigo mdogo haukuifikia. Mzigo mkubwa ulipolishusha bamba, korosho ile ilibeba sehemu ya uzito, na uzito uliobebwa nayo haukufika kwenye kihisi. Niliitoa kwa ncha ya bisibisi, nayo ilikuwa na alama mbili bapa, juu na chini. Tangu siku ile sikubali ukaguzi unaofanywa kwa jiwe moja dogo.

Azima, basi, mawe manne ya mizani ya kilo 20 yaliyohakikiwa. Yapandishe moja moja ukiandika kila usomaji, kisha yashushe moja moja ukiandika tena. Namba za kupanda na za kushuka ziwe sawa, na mwishoni sifuri irudi. Yarundike yote manne kwenye robo moja ya bamba, halafu robo nyingine, hadi uzimalize. Kwa mizani inayosoma kwa hatua za gramu 100, viwango vya kimataifa vinaruhusu kosa la gramu 100 kwa kilo 80 wakati wa uhakiki, na mara mbili yake ikiwa kazini. Zaidi ya hapo, iweke kando. Ukitaka kufika kilo 160 kwa mawe hayohayo, yashushe, weka magunia hadi usome namba ileile, kisha uyarudishe mawe juu.

Usomaji ukitambaa wenyewe mzigo ukiwa umetulia, fundi achomoe plagi na kupima kwa mita ya umeme. Katika lodiseli nyingi jozi ya nyaya za kulishia husoma omu 400 hivi, na jozi ya ishara omu 350. Kutoka waya mmoja wa kulishia kwenda kila waya wa ishara, vipimo viwili vikaribiane sana. Kati ya waya wowote na mwili wa metali pasiwe na usomaji wowote. Ukiuona, maji yameingia au panya wametafuna kebo, na lodiseli hiyo haifai tena.

Limebaki jambo ambalo wauzaji husahau. Lodiseli hupima nguvu ya uvutano, nayo si sawa kila mahali: London ni mita 9.812 kwa sekunde mraba, Mtwara ni karibu 9.782. Mizani iliyosawazishwa kule na kuletwa hapa bila kusawazishwa upya humpunja mkulima karibu robo kilo kwa kila gunia la kilo 80, nayo itapita mtihani wa kona zote nne. Ukinunua mizani mpya, dai isawazishwe kwa mawe papo hapo ghalani.

Namba zote ziandike kwenye daftari la mizani pamoja na tarehe, na daftari likae mezani ambapo mkulima yeyote anaweza kulifunua. Rudia mtihani wa kilo 80 kila asubuhi ya kupokea mzigo, kabla gunia la kwanza halijapanda.