Kutoka ukindu hadi udongo: kuwafundisha watoto wa awali safari ya mkeka

Somo la "vitu vinatoka wapi" wengi huanzia shambani au kiwandani. Mimi naanza na kitu kilichochakaa. Mtoto wa miaka mitano kiwanda hajakiona, lakini mkeka uliotoboka anaujua: kwao wanaanikia makopa.

Hatua ya 1: Omba mkeka mkuukuu wa ukindu (majani ya mkindu) kwa wazazi, hapa Mikindani, Mtwara, haukosekani. Utandike, watoto wauguse, waunuse. Uliza, "Huu zamani ulikuwa na kazi gani?" Kisha nyamaza. Watataja kulala, wageni, futari, msiba. Mmoja aliniambia, "Wa kwetu aliulalia babu, sasa wanaulalia kuku." Nusu ya somo imekwisha hapo.

Hatua ya 2: Fumueni. Kata uzi wa mshono, vuta polepole, ukili, yaani ule ukanda uliosukwa, ujiachie. Kila mtoto achomoe chane moja, yaani kijani kimoja kilichochanwa. Juu rangi imepauka, lakini pale chane ilipojificha chini ya mwenzake bado ni nyekundu kabisa. Waache watazame, usiharakishe.

Hatua ya 3: Mwalike bibi anayesuka, aje na ukindu mbichi na uliokauka. Watoto wakishatoa shikamoo, aanze kusuka. Maelezo marefu hayahitajiki. Vidole vyao vinaweza chane tatu, kama nywele.

Hatua ya 4: Zikeni. Chimba vishimo vinne vyenye kina cha kiganja: kipande cha ukili, ganda la ndizi, karatasi ya daftari, kifuniko cha chupa ya maji. Chomeka kijiti kila kishimo, la sivyo mtachimba uwanja mzima. Fanyeni Januari, mvua ikinyesha. Mara ya kwanza nilizika Agosti, na mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili. Baada ya mwezi ganda la ndizi lilikuwa limekauka kama ngozi ya ngoma, na mimi sina la kueleza.

Fukueni baada ya wiki nne. "Mwalimu, mkeka umeliwa!" Ni mchwa. Waonyeshe njia zao za udongo. Ganda halionekani, karatasi imekuwa ujiuji, kifuniko kipo vilevile: kikifutwa, kinafunga chupa. Nawisheni mikono.

Watauliza kifuniko kimetoka wapi. Jibu kwa ufupi: plastiki hutengenezwa kwa mafuta na gesi vinavyochimbwa ardhini. Atakayetaja gesi ya Mnazi Bay, inayochimbwa hapa kwetu Mtwara, mpongeze, ila mwambie ile kazi yake kubwa ni kuzalisha umeme.

Hatua ya 5: Wachore mkindu, ukili, mkeka, udongo, kisha wapange picha kwa duara sakafuni. Wape na picha ya kifuniko, wabishane ikae wapi. Wa kwangu walishindwa kuipatia nafasi, wakakiosha kifuniko chenyewe na kukitia kwenye kopo la vifuniko vya kuhesabia.