Kuwaingiza Wanafunzi katika Nadharia za Uhakiki

Usianze na orodha ya nadharia. Anza na ukurasa mmoja. Wasomee sura ya 26 ya Jane Eyre (1847), riwaya ya Kiingereza ya Charlotte Brontë, ambamo Bertha Mason, mke aliyefungiwa ghorofani, anatambaa kwa mikono na miguu, na msimulizi, Jane, anamtaja kwa kiwakilishi cha kitu (“it” kwa Kiingereza), si cha mtu. Waulize kwa nini Bertha mwenyewe hasemi neno, na uwaache wabishane kwa muda wa kutosha. Ndipo uwaletee Gilbert na Gubar, wahakiki wa kifeministi waliomwona mwaka 1979 kuwa taswira ya hasira ya Jane iliyofichika, kisha Spivak, mhakiki wa fasihi na ukoloni, ambaye mwaka 1985 alirejesha suala la ukoloni, kwani Bertha alitoka Jamaika. Hatimaye waurudie ukurasa uleule, waandike aya moja.