Somo: Kamera za filamu Lubitel 166B na Kiev 60, mambo ya kupima kabla ya kuweka roli ya kwanza

Wadau, roli moja ya 120 (ile filamu pana) inatoa picha 12 tu za sentimita 6×6, na huku Nyanda za Juu Kusini si kitu cha kwenda kuokota dukani; wengi wetu tunaagiza na kusubiri. Kwa hiyo kamera ipimwe ikiwa tupu. Picha zenye ukungu ambazo watu huzisingizia lenzi ya Kisovieti mara nyingi zinatokana na fokasi isiyolingana au shata (mlango wa mwanga) inayonata, na vyote viwili vinagundulika mezani bila kuchoma hata picha moja.

Tujuane na kamera zenyewe. Lubitel 166B ni ya kiwanda cha LOMO, Leningrad, ilianza kutoka 1980. Mwili ni plastiki, lenzi mbili zimepandana: ya juu ya kuangalizia, ya chini ya kupigia (T-22, mm 75, tundu la mwanga f/4.5, vioo vitatu). Shata yake iko ndani ya lenzi, spidi ni 1/15 hadi 1/250 ya sekunde pamoja na B (shata inabaki wazi muda wote unaobonyeza). Kiev 60 ni ya kiwanda cha Arsenal, Kiev, kuanzia 1984. Hii ina lenzi moja inayobadilishika, kwa kawaida Volna-3 ya mm 80, f/2.8, na shata yake ni mapazia mawili ya kitambaa yanayopita mbele ya filamu, 1/2 hadi 1/1000.

1. Mpangilio wa mkono

Lubitel: chagua spidi, kisha koki (vuta kiwenzo cha kukaza shata), kisha fyatua. Kiev 60: vuta wenzo wa kusogeza filamu mpaka mwisho, ndipo uchague spidi. Mwenye Kiev 88, kamera nyingine ya Arsenal, alizingatie hili mara mbili, maana kugeuza spidi shata ikiwa haijakokiwa ndiyo njia maarufu ya kuiua. Ukizoea kukoki kwanza kwenye Kiev zote, hutajuta.

Kile kiwenzo cha Lubitel cha kujipiga mwenyewe kwa kuchelewesha, kiacheni. Grisi yake ya miaka 40 imeganda, kikikwama katikati kinaishikilia shata yote.

Kwenye Kiev 60, ukishapiga, kioo cha kuangalizia kinabaki giza mpaka uvute filamu tena. Haijaharibika, ndivyo ilivyoundwa. Wenzo nao usiuachie ujirudie kwa kishindo. Usindikize kwa kidole gumba.

2. Kupima shata kwa simu

Fungua mlango wa nyuma, elekeza lenzi dirishani, rekodi kwa nyuma video ya mwendo wa pole ya fremu 240 kwa sekunde. Hesabu fremu zenye mwanga:
- 1/15: fremu 16
- 1/30: fremu 8
- 1/60: fremu 4

Juu ya hapo simu haina uwezo wa kukupa jibu la kuaminika. Ukipata 20 badala ya 16, si mbaya, filamu nyeusi na nyeupe inasamehe. Ukipata 40, au mapanga ya shata (vibati vyembamba vinavyofungua na kufunga mwanga) yakibaki nusu wazi, yana mafuta.

Kusafisha mapanga ya Lubitel: legeza skrubu tatu ndogo za pete yenye meno kwenye lenzi ya chini kwa bisibisi ya fundi saa, itoe pete, kisha zungusha kioo cha mbele kinyume cha saa. Tia alama ya penseli pale kinapoachia nyuzi, la sivyo kurudisha kwake kutakupotezea jioni nzima. Toa kioo cha katikati, mapanga utayaona. Chovya pamba ya masikio kwenye petroli safi ya kujazia viberiti, ikamue, pangusa, fyatua mara kumi, pangusa tena kwa pamba kavu. Rudia mpaka pamba itoke safi. Mafuta ya cherehani au dawa ya kulegeza kutu ni marufuku: mapanga haya hufanya kazi yakiwa makavu. Mapazia ya Kiev usiyaguse kwa petroli kabisa, yana mpira juu ya kitambaa.

3. Fokasi (hapa msiharakishe)

Kwenye Lubitel lenzi mbili zinazunguka pamoja kwa meno. Mtu akiwahi kuifungua na kurudisha meno vibaya, utaona picha kali juu na filamu itapata picha yenye ukungu. Ukiwa mita 2 kwa f/4.5, eneo lililo kali ni kama sentimita 30 tu, kwa hiyo jino moja likiruka, sura ya mtu imekwenda.

Kata kipande cha plastiki ngumu, bapa, chenye ukungu, kama kilivyo kioo cha bafuni. Kilaze juu ya reli za ndani, zile filamu inapopita, si za nje zinazobeba bamba la kukandamiza. Upande wenye ukungu uelekee lenzi. Selotepu isiyong'aa inaweza kutumika, ila ikilegea kidogo tu vipimo vinadanganya.

Funga kamera kwenye stendi. Weka B, f/4.5, koki, shikilia shata wazi kwa waya wa kufyatulia wenye kufuli. Elekeza kwenye kitu chenye ncha kali kilicho mbali zaidi ya mita 300. Aliye Mbeya mjini ana ukingo wa Loleza, wa Iringa ana jiwe la Gangilonga, na mnara wa simu hakosi mtu. Kwa kioo cha kukuzia, tazama plastiki huku ukizungusha lenzi ya chini mpaka ncha iwe kali. Hapo ndipo penye alama ya mbali kabisa. Kama pete ya namba haisomi hivyo, ilegeze uisogeze isome.

Sasa lenzi ya chini isiguswe. Legeza skrubu tatu za pete ya lenzi ya juu, zungusha kioo chake peke yake mpaka ncha ileile iwe kali kwenye kile kiduara cha ukungu katikati ya kioo cha kuangalizia, kaza. Hakiki kwa gazeti lililobandikwa ukutani mita 2, umepima kwa futi ya fundi. Juu na nyuma vikikubaliana hapo na kule mbali, umemaliza.

Kwenye Kiev 60 pima vilevile kwa f/2.8. Tofauti ikionekana, kinachorekebishwa ni kimo cha kioo cha ukungu chini ya kichwa cha kuangalizia, lenzi iacheni.

4. Kuweka roli

Kivulini. Lubitel: roli chini, spuli tupu juu, ingiza ncha ya karatasi kwenye ufa, zungusha ishike vizuri, funga, endelea mpaka namba 1 itokee kwenye kidirisha chekundu. Kiev 60: roli kushoto, linganisha mshale wa karatasi na alama ya ndani huku kidole kikibana roli isifumuke, funga, vuta mpaka namba 1. Roli iliyolegea na wenzo uliovutwa nusu ndivyo vinavyofanya picha kupandana.

5. Mwanga

Jua kali la mchana bila wingu: f/16, na spidi iliyo karibu na namba ya filamu (ISO). Filamu ya 100 ni 1/125. Filamu ya 400 kwenye Lubitel inakubana, kwa kuwa 1/250 ndiyo mwisho, utalazimika kwenda f/22. Ya 400 iwekeni kwa ukungu wa Rungwe na ndani ya nyumba. Kwa mandhari, Lubitel kwa f/11 na fokasi mita 10 inakupa ukali kuanzia kama mita 5 hadi milimani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Iringa): Mkuu, Lubitel yangu inatoa doa jeupe la duara karibu katikati ya picha, ila si picha zote.

Jibu: Kidirisha chekundu hicho. Doa linatokea kwenye picha iliyokaa muda mrefu juani kabla ya kupigwa. Bandika kipande cha selotepu nyeusi ya mafundi umeme, ukifunue kivulini tu wakati wa kusogeza filamu. Ingekuwa mstari unaoanzia pembeni, ningesema mlango haubani.

Swali (Makete): Kiev 60, asubuhi za Juni, picha za 1/1000 zina upande mmoja mweusi. Mchana ziko sawa.

Jibu: Grisi ya zamani inakuwa nzito kwenye baridi, pazia moja linachelewa, ufa unabanwa kabla ya kufika mwisho. Tumia 1/250 kushuka chini na uiweke kamera ndani ya koti mpaka wakati wa kupiga. Usikaze springi za mapazia mwenyewe; anayezigusa bila kuhesabu mizunguko huharibu na spidi zilizokuwa nzima.

Swali (Mbeya): Kiev 60 yangu mpya haina makosa hayo, lakini picha za kuelekea juani zinafifia. Lenzi ni mbovu?

Jibu: Angalia kuta za ndani kati ya lenzi na filamu, zinang'aa. Zibandike mahameli nyeusi nyembamba au karatasi nyeusi isiyong'aa, gundi kidogo sana, mbali na njia ya kioo. Kisha nunua kofia ya lenzi, ile ya kukinga jua. Weusi utarudi.

Swali (Tukuyu): Dada hapa, lenzi imeota nyuzi kama utando wa buibui. Inatoka?

Jibu: Dada, ni fangasi. Hidrojeni peroksaidi ya 3% ya duka la dawa kwenye pamba, pangusa kwa mzunguko, malizia na maji safi. Kama imeshakula mipako ya kioo, alama itabaki, ila picha haitaathirika sana. Kwa mvua za huko, toa kamera kwenye mkoba wa ngozi, iweke kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana na vifuko vya silika. Mchele hapana, una vumbi. Na shata ikae bila kukokiwa.

Swali (Mbeya): Nataka kusafisha filamu ya HP5 Plus nyumbani kwa dawa ya D-76. Maji ya bomba sasa hivi ni ya baridi mno.

Jibu: D-76 isiyoongezwa maji, nyuzi 20, dakika 7 na nusu, ukiichanganya nusu kwa nusu, dakika 11. Roli moja ya 120 inataka kama mililita 500 kwenye tangi la kawaida. Chupa za dawa zote, pamoja na maji ya kusuuzia, zisimamishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu mpaka kipimajoto kisome 20, na tangi lenyewe likae humo kati ya mitikiso, maana ukiliacha kwenye sakafu ya saruji Juni hii, dawa itapoa kabla hujamaliza.